Pole Isiyo na Kibali

Sogezeni viti kama vipo, na asiye na kiti asimame tu, maana habari yenyewe ina viti vingi kupita kiasi. Nimeipata kwa aliyekwenda mwenyewe, Bi. Sikudhani Mlawa, afisa utumishi wa kampuni moja ya magodoro, na Sikudhani si mtu wa kutia chumvi. Mwenye mkono wa chumvi ni mimi, lakini leo nimejizuia.

Kampuni hiyo ilianza na watu watano kwenye gereji ya bosi, Bwana Kilatu. Siku hizo mtu akiumwa kichwa, wanne waliobaki wanajua, na mmoja anatoka kumtafutia dawa. Miaka sita baadaye walikuwa mia tatu na ushee, na Bwana Kilatu akawa anawapungia watu mkono getini bila kujua nani wake na nani wa jirani. Siku moja alimkumbatia mtu kwa bashasha, akamwuliza habari za watoto, kumbe ni msoma mita ya maji. Aibu ile ndiyo iliyomfanya amwite Sikudhani ofisini.

"Kuna nchi inaitwa Panuka," akamwambia. "Nasikia wana wafanyakazi elfu tisa na kila mmoja anajaliwa kwa utaratibu. Nenda kajifunze, uje na Cheti chao cha Kujali, nikitundike pale mapokezi. Na usirudi mikono mitupu, Sikudhani. Bodi imeanza kuniuliza kama kazi hii bado unaiweza."

Sikudhani alikuwa mmoja wa wale watano wa gerejini. Maneno yale yalimchoma, na aliogopa pia, maana hana kazi nyingine aijuayo. Akasema sawa bosi, akafunga mkoba. Njia aliyopita msiniulize. Alikwenda, akafika, na alifika siku ya Jumatatu.

Panuka ni nchi, tena ni kampuni, na wenyewe hawaoni kama hayo ni mambo mawili. Kazi yao ni kutengeneza viti. Viti hukaliwa na watu wapya wanaoajiriwa, na watu wapya huajiriwa ili watengeneze viti. Sikudhani aliuliza mara moja tu kama kuna mtu mwingine yeyote anayevitaka, wakamtazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo wageni wasiojua choo kiko wapi. Kila Jumatatu ngoma hupigwa, idadi mpya ya watu hutangazwa, na wote hushangilia kwa dakika mbili zilizowekwa kwenye ratiba. Idadi ya waliochoka haina siku yake ya kutangazwa.

Langoni alimkuta mzee mwembamba amekaa na daftari kubwa mapajani. Sikudhani, kama alivyolelewa, akainama kidogo akasema, "Shikamoo."

Mzee akaandika. Kisha akamkatia kipande cha karatasi kutoka kwenye daftari lile. "Itikio lako utalifuata Alhamisi," akasema.

"Nikafuate marahaba?"

"Mimi ni Msikilizaji. Nasikia, naandika. Kuitikia ni idara nyingine." Jina lake Ligunda, na alisema hayo bila ubaya wowote, huku akilikunjua goti moja polepole kama mlango wenye bawaba mbovu. Sikudhani aliiweka ile karatasi mkobani, akajiambia haya, ndiyo nimeanza kujifunza.

Aliyempokea rasmi alikuwa Bi. Tambalizi, Mkuu wa Idara ya Kujali, mama mmoja mnene mwenye tabasamu lisilopungua wala kuongezeka. Alimkabidhi kitabu cha kanuni mia nne, akafungua ukurasa wa mwisho. "Tia sahihi hapa kwamba umezisoma zote na kuzielewa."

Sikudhani akatia sahihi amesimama, mkoba begani. Msimlaumu haraka. Kule kwake, yeye ndiye aliyekuwa akiwapa watu kitabu kama kile na kalamu juu yake, na akiona mtu anafungua ukurasa wa pili humtazama kwa jicho la kumwambia foleni ni ndefu. Alipotia sahihi alibandikwa beji nyekundu kifuani.

"Ukiwa na beji hii," Bi. Tambalizi akasema, "kinywa chako ni kinywa cha Idara." Sikudhani akashukuru, akidhani ni sifa.

Ndani ya jumba la Idara palikuwa na sanduku la kioo, na ndani ya sanduku birika la bati lenye mdomo uliobonyea. Bi. Tambalizi alisimama mbele yake kwa heshima. Zamani, akaeleza, Panuka ilipokuwa na watu ishirini, palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Mama Kiango. Kila asubuhi alipita na birika hilo, anammiminia mtu chai, anamwuliza vipi, anamsikiliza, anatikisa kichwa, na kama kuna jambo anampa pole. Mtu akipewa pole, mwenye nchi alimruhusu apumzike siku tatu.

"Mtu mmoja alifanya yote hayo," Bi. Tambalizi akasema, na kwa mara ya kwanza tabasamu likatikisika. "Unaona hatari ilivyokuwa? Angeugua, je?"

Kwa hiyo nchi ilipokua, kazi ya Mama Kiango ikagawanywa. Sasa kuna Waulizaji, ambao hukuuliza hali yako na kuondoka kabla hujajibu. Kuna Wasikilizaji, ambao husikia na kuandika. Kuna Watikisa Kichwa, wanaokuja wiki moja baadaye, wanakaa mbele yako, wanatikisa kichwa, wanakwenda zao. Kuna Wapima Huzuni, nitawaeleza sasa hivi. Mwisho kabisa yuko Mtoa Pole, na ni yeye peke yake mwenye kibali cha kutamka neno hilo. Tangu mtu aulizwe mpaka apewe pole ni siku arobaini. Na kwa kuwa watu ni wengi na haki ni haki, kila mtu ana pole moja kwa mwaka.

"Na Mama Kiango mwenyewe yuko wapi?" Sikudhani akauliza.

"Alishindwa mtihani wa kutikisa kichwa," Bi. Tambalizi akasema, akapangusa kioo kwa leso.

Sasa hao Wapima Huzuni. Kanuni inasema pole apewe mwenye huzuni, asipewe aliyekwisha kupoa. Basi wapimaji hupita ghafla wakati wowote katika zile siku arobaini, na uzi wa buluu, wanapima kutoka pembe ya mdomo mpaka kwenye sikio. Uzi ukionekana mfupi, yaani mdomo umepanda, faili linafungwa na kuandikwa "amepona". Ndiyo maana ukipita Panuka unaona watu wengi wamenuna. Si wote wenye shida. Wengine wako kwenye foleni tu.

Jumanne Bi. Tambalizi alimpeleka Sikudhani karakana ya miguu ya viti, na mzee Ligunda akawafuata na daftari lake, akichechemea. Humo alikuwamo fundi mmoja aitwaye Mavere. Bwana huyu ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa karakana nzima, na sasa ilikuwa siku yake ya thelathini na nane hajacheka. Mama yake alikuwa mgonjwa huko vilimani, mgonjwa wa kitandani, ametuma neno anataka kumwona. Mavere alikuwa amebakiza siku mbili apate pole yake, na kwa pole hiyo zile siku tatu za kwenda. Wenzake walimhurumia wakahamishia mizaha upande wa pili wa karakana. Hata hivyo hawakuweza kuizuia yote, na Mavere alikuwa na kipande cha mti cha kung'ata pale mtu anapojisahau akasema la kuchekesha.

Sikudhani alikuwa anatazama anavyopiga randa, akisifia moyoni, pale ubao ulipoteleza mezani ukatua kwenye kidole gumba cha mguu wa Mavere. Jamaa akashika mguu, akarukaruka.

"Oh, pole," Sikudhani akasema.

Misumeno ikanyamaza. Mafundi wote wakageuka. Mavere mwenyewe akabaki amesimama kwa mguu mmoja, uso umempauka, na si kwa sababu ya kidole.

"Dada," akasema, "umenimaliza."

Nyuma yao kalamu ya mzee Ligunda ilikuwa inakwaruza karatasi. Alikuwa na wajibu wa kusikia, na alisikia. Alichoandika ni kwamba fundi Mavere amepewa pole, na kinywa kilichoitoa kina beji.

Sikudhani alielezwa taratibu, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hakuamini. Pole ya mwaka huu ya Mavere imeshatoka. Faili lake limefungwa. Siku tatu zinatolewa na Mtoa Pole peke yake kwa muhuri wake, na Mtoa Pole hawezi kumpa pole mtu aliyekwisha kupewa. Arudi mwakani.

"Lakini mimi nimempa ya kidole," Sikudhani akasema. "Mama yake anaumwa."

"Daftari halikuandika ya nini," Bi. Tambalizi akajibu. "Limeandika pole, basi." Kisha akamshika mkono, macho yanamng'aa. "Lakini wewe unajua ulichofanya? Ubao umeanguka, pole imetoka. Siku arobaini zetu wewe umezifanya kufumba na kufumbua. Hatujawahi kuwa na kasi kama hii."

Jumatano Baraza la Kujali likakutana. Sikudhani alikaa mbele, Mavere akawekwa kwenye kigoda pembeni, kidole kimefungwa kitambaa. Nitawapa majadiliano kama alivyonipa yeye, siongezi neno.

Mjumbe wa kwanza alitaka pole igawanywe. Kidole kichukue sehemu yake ndogo, inayobaki aende nayo kwa mama. Wakamwita Mpima Huzuni, akapima kidole kwa uzi wake, akageuza uzi, akapima tena, akakiri kwamba kidole hakina mdomo. Hoja ikaanguka.

Mjumbe wa pili alitaka pole irudishwe kwa aliyeitoa. Hili waliliona la maana, wakamwamuru Mavere asimame. Mavere akamgeukia Sikudhani akasema, "Dada, chukua pole yako." Sikudhani akasema, "Nimeichukua." Wakamtazama wote mzee Ligunda. Ligunda akafungua daftari, akachungulia, akasema pole bado iko pale pale.

Wa tatu, mtu mpole kweli, aliinua mkono akauliza kama mama hawezi kusogeza ugonjwa wake mpaka Januari.

"Naweza kumwuliza, mheshimiwa," Mavere akasema, "lakini kwa kumwuliza ni lazima niende." Mafundi waliokuja kusikiliza wakainamisha vichwa haraka, na mmoja akaomba ruhusa ya kutoka nje kukohoa. Mavere mwenyewe alitoa kile kipande chake cha mti mfukoni akaking'ata. Mazoea, labda, maana faili lilikuwa limeshafungwa na angeweza kucheka apendavyo. Sikudhani alipoona vile machozi yalimlengalenga.

Basi Bi. Tambalizi akahitimisha. La Mavere halina njia, lisubiri mwaka. La mgeni ni la furaha, na kwa kasi aliyoionyesha, Idara inampa Cheti cha Kujali cha daraja la kwanza, ambacho hakijapata kutolewa kwa mtu wa nje. Kitatiwa muhuri baada ya chakula cha mchana. Watu wakashangilia dakika mbili.

Wengine wakaenda kula. Sikudhani alikaa kwenye ngazi za nyuma za jumba akifikiria ukuta wa mapokezi kule kwao, pale msumari ulipokwisha kugongwa ukisubiri cheti. Aliifikiria bodi. Akamfikiria pia mshonaji mmoja wa magodoro aliyemjia mwezi uliopita, macho mekundu, akaanza kusema mwanangu hajalala siku tatu. Sikudhani, foleni imejaa mlangoni, alimwambia ajaze fomu namba nne. Yule mama alijaza. Fomu ilikuwa imejazwa vizuri sana, na Sikudhani hakumbuki alipoiweka. Aliona haya peke yake pale ngazini, haya ya kweli, ya kuchoma masikio.

Mzee Ligunda akaja akakaa ngazi ya juu yake, goti likalia.

"Mimi sishauri mtu," akasema, akitazama mbele. "Kushauri ni idara nyingine. Lakini nimeruhusiwa kusoma kwa sauti, nisije nikasahau kusoma." Akafungua kitabu cha kanuni. "Kanuni ya mia tatu na kumi na mbili. Beji ni ya aliyesoma kanuni zote. Aliyetia sahihi bila kusoma, beji yake ni kitambaa tu, na alilolisema akiwa ameivaa halikusemwa. Mwenyewe atatolewa nchini, na cheti hatapewa kamwe." Akafunga kitabu. "Maandishi yenyewe madogo. Macho yangu siku hizi hayafai."

Sikudhani akamgeukia. Halafu akauliza, "Mzee wangu, wewe umezisoma zote?"

"Mimi ni wa kusikia," Ligunda akasema, akanyanyuka kwa taabu.

Mchana Baraza lilirudi limevaa vizuri. Muhuri ulikuwa umeshachovywa wino, na Bi. Tambalizi ameuinua juu ya cheti, pale Sikudhani aliposimama. 

"Kabla hujagonga, Bi. Mkuu. Kile kitabu sikukisoma."

Muhuri ukabaki hewani.

"Nilitia sahihi tu," akaendelea. "Sikusoma hata kanuni moja. Hata jalada sikulitazama vizuri. Kwa hiyo beji hii ni kitambaa, na ile pole sikuisema. Mavere hajapewa kitu."

Jamani, eleweni ukubwa wa neno hilo katika nchi ile. Watu elfu tisa walikuwa wametia sahihi kitabu hicho, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisema hilo kwa mdomo wake. Ukumbi uliingiwa na baridi. Mjumbe wa kwanza aliangalia dari. Wa pili akaona uzi umelegea kwenye mkono wa koti lake, akaanza kuushughulikia. Yule mpole wa tatu akazama kwenye kiti chake mpaka shingoni.

"Haiwezekani," Bi. Tambalizi akasema. "Kila mtu husoma."

"Kwani wewe, mama, ulizisoma?"

Sikudhani hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu wa kazi moja anavyomwuliza mwenzake. Lile tabasamu likamtoka Bi. Tambalizi lote. Bila tabasamu alikuwa mama wa kawaida tu, amechoka, mwenye uso mzuri kuliko ule wa mwanzo. Aliuweka muhuri chini taratibu.

"Kuniuliza mimi si kazi yako," akasema kwa sauti ndogo. "Andika, Ligunda. Beji imefutwa. Pole haikusemwa. Faili la Mavere lirudi mahali pake. Mgeni atolewe nchini Alhamisi." Cheti akakikunja mara mbili, akakitia chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Nimemwuliza Sikudhani kama hilo si chumvi. Amesema meza za Panuka zinayumba zote, maana mafundi wote wako kwenye viti.

Alhamisi asubuhi, siku ya arobaini, Mpima Huzuni alimpima Mavere kwa mara ya mwisho akakuta uzi uko sawa. Mtoa Pole akatoka na joho lake, akafungua karatasi, akasoma, "Pole." Akagonga muhuri. Mavere hakusubiri wino ukauke.

Sikudhani naye akasindikizwa mpakani. Aliyepewa kazi ya kumsindikiza ni mzee Ligunda, kwa sababu maneno ya mwisho ya mtu anayefukuzwa lazima yaandikwe. Walikwenda mwendo wa goti lile. Mpaka wenyewe ni jiwe tu, jeupe, limekaa pale njia inapogawanyika, moja inatoka nchini na nyingine inapanda vilimani.

Mavere aliwakuta hapo. Alikuwa amebeba kiti begani, kiti kidogo cha kuegemea, miguu yake imechongwa kwa mkono wa mtu aliyejua nani atakikalia. Akasimama, anahema.

"Mama ametuma neno tena leo," akasema. "Anauliza nakuja au siji. Kama siji niseme, aendelee na mambo yake."

"Basi kimbia," Sikudhani akasema.

Mavere hakukimbia kwanza. Alimtazama usoni, kisha akamtazama Ligunda na daftari lake wazi, kisha akarudi kwake.

"Pole, dada," akasema. "Pole kwa yaliyokupata."

Pole hiyo ilitoka ndani ya nchi, haina kibali, haina foleni, na mtoaji hana beji hata ya kitambaa. Kwa kosa hilo siku zake tatu zingefutwa, muhuri na vyote.  Ligunda alilowesha ncha ya kalamu ulimini, akaandika neno moja taratibu, akalisoma kwa sauti kama kanuni inavyotaka.

"Upepo."

Mavere akaanza kucheka. Alicheka akakitua kiti chini, akakishikilia asianguke, siku arobaini zote zikamtoka kwa mkupuo, na Sikudhani akajikuta anacheka naye na mashavu yamelowa. Halafu jamaa akajitwika kiti chake, akakata kona, akapanda kilima kwa hatua za mtu anayeitwa. Walimtazama mpaka akapotea.

Sikudhani akavuka jiwe. Alikuwa ameshapanga atakachomwambia Bwana Kilatu: cheti sikupata, ninunulie birika na unipe asubuhi zangu. Akimfukuza, amfukuze, lakini kabla ya kufukuzwa atamtafuta yule mshonaji. Akageuka kumuaga mzee.

Ligunda alikuwa hajaondoka. Alikuwa anapekua daftari kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akaufikia aliokuwa akiutafuta. "Leo ni Alhamisi," akasema.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Jumatatu uliniamkia." Akatazama nyuma njia nzima, akaona hakuna mtu. "Marahaba, mwanangu."

 Mzee alikuwa amekwisha kugeuza uso upande mwingine, na alipozungumza tena alikuwa kama anaongea na jiwe.

"Goti hili linaniuma."

"Pole, baba," Sikudhani akasema, kutoka upande wake wa mpaka, ambako neno hilo halina mwenyewe. Angeweza kuishia hapo, na hata Panuka ingekuwa imetimiza wajibu. Lakini akauliza, "Tangu lini?"

Kwa mazoea Ligunda alishika kalamu. Kisha akakumbuka kwamba hakuna cha kuandika, maana katika idara zote za nchi ile, kuanzia langoni mpaka kwenye sanduku la kioo, hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kuuliza hilo. Alifunga daftari. Akakaa juu ya jiwe la mpaka, akageuka, mgongo Panuka na uso kwa Sikudhani.

"Tangu Mama Kiango alipoacha kupita na chai," akasema. "Ni hadithi ndefu kidogo."

Sikudhani akatua mkoba chini, akakaa juu yake.